Taa ya Kichwa ya Mama: Tulivyokosea Mara Mbili Kabla ya Kupatia



Leo tunataka kuzungumza habari ya taa. Kwa sie watu wa pwani neno hili lina maana mbili. Kuna taa inayomulika, na kuna taa samaki, yule bapa mwenye mkia mrefu na mwiba, anayejifukia mchangani mpaka ukawa humwoni. Mwaka jana mama yetu alimkanyaga taa wa pili kwa sababu taa ya kwanza ilimzimikia. Na hiyo iliyomzimikia tulimnunulia sisi, kwa mikono yetu, tukamfungia kwa karatasi ya zawadi siku ya Idi.

Sisi ni ndugu wanne, wanawake watupu, wa kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja. Wawili tuko mjini kwa kazi, wawili tumebaki nyumbani. Mama ana miaka 63 na bado anakwenda pwani. Mchana ana mwani wake. Usiku wa bamvua la kiza, maji yanapotoka mbali, huenda na wenzake kutafuta pweza, kaa na samaki waliobaki vidimbwini. Huswali Isha, hula kidogo, hufunga kanga yake kiunoni na kutoka. Kwetu maji ya bamvua hukupwa sana kwenye saa 4 na saa 5 za usiku, kisha yanaanza kurudi. Anayejua bahari hangoji yamfike magotini ndiyo akumbuke nyumbani.

Usiku ule Mama alikumbuka mapema, lakini taa haikumsubiri. Ilitoka nyumbani ikiwaka kama gari. Baada ya saa moja ikawa njano, kisha ikawa kama kibatari kilichokwisha mafuta. Wenzake walikuwa mbele kidogo. Akaharakisha kuwafuata, akanyanyua mguu na kuushusha mahali asipopaona. Akasikia moto umepanda mpaka nyongani.

Alhamdulillah, wenzake walimfikisha. Jirani yetu, mtu mzima anayeyajua haya, akachemsha maji, akayapoza mpaka yakawa ya moto anayoweza mtu kuyavumilia bila ya kubabuka, akayajaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kisha akautia mguu wa Mama humo kwa zaidi ya saa nzima, akiongeza ya moto kila yalipopoa. Joto huipunguza nguvu sumu ya taa, na maumivu yalishuka tukiangalia kwa macho yetu. Asubuhi tukampeleka kituo cha afya wakasafisha jeraha, wakatazama kama kipande cha mwiba kimebakia ndani, wakampiga sindano ya pepopunda. Tunayaandika haya kwa makusudi, maana wengi wetu hukimbilia kumwagia mafuta ya taa au kukata kwa wembe. Msifanye. Maji ya moto ya kuvumilika, kisha kituo cha afya.

Wiki sita Mama hakukanyaga pwani. Na wiki sita hizo ndizo tulizogombana.

"Mie siumwi na bahari"

Tulikaa kikao sisi wanne bila ya yeye, jambo ambalo lilikuwa kosa tayari. Tukaamua kwamba Mama sasa basi. Mchana na mwani wake, haya, lakini usiku hapana. Tutamchangia kila mwezi, apumzike, asome Qur'ani yake, alee wajukuu. Mkubwa wetu akapewa kazi ya kumwambia.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mie siumwi na bahari. Naumwa na taa mbovu. Nyie mumesomeshwa na pweza, leo pweza amekuwa adui?"

Hatukuwa na jibu. Ni kweli tumesomeshwa na pweza. Kuna daftari na sare za skuli katika nyumba ile zilizonunuliwa asubuhi ya bamvua, kabla hata pweza hajakauka mikononi mwa mnunuzi. Na tulipojiuliza kwa dhati, tukaona kwamba tulichokuwa tukikitaka si usalama wa Mama peke yake. Tulitaka pia kuacha kuona aibu. Ilikuwa rahisi kumkataza kuliko kukubali kwamba sisi ndio tuliompa kitu kibovu.

Tukakubaliana naye hivi. Hatatoka peke yake, na wanaotoka pamoja watarudi pamoja, hakuna kutangulia. Atatembea kwa kuburura miguu mchangani badala ya kuinyanyua, maana taa akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni ndipo anapopiga. Na sisi tutamtafutia taa ya kweli. Kwa hili la tatu tulidhani tunalijua.

Kosa la kwanza: tulinunua maandishi

Ile taa ya Idi tuliinunua mjini kwa shilingi 15,000. Boksi lilikuwa limeandikwa lumeni 10,000, na betri yake 9,900 mAh. Sisi tulisoma tukashangilia. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, na mAh ni kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri. Namba kubwa, bei ndogo, tuseme nini tena?

Baada ya ajali tuliifungua. Ndani mlikuwa na betri moja ya duara, nene kidogo kuliko zile za redio, aina iitwayo 18650. Kijana mmoja anayetengeneza simu kijijini akatucheka. Akatwambia betri ya umbo hilo, hata ikitoka kiwanda bora kabisa, huchukua kiasi cha 3,500 mAh basi. Ukiona imeandikwa 9,900, usiulize kama inadanganya, uliza inadanganya kiasi gani. Na taa inayolishwa na betri moja kama ile haiwezi kutoa lumeni 10,000 ikakaa nazo usiku mzima.

Akatufundisha jingine. Hata viwanda vya kweli, vinavyofuata kipimo kimoja kinachojulikana, hupima mwanga muda mfupi baada ya taa kuwashwa, na saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza. Kwa hiyo ukisoma "saa 8", jua kwamba ndani ya saa hizo huenda mna nyingi za mwanga hafifu. Linalofaa kuulizwa ni hili: taa hii ikiwekwa mwanga wa kati, itaushikilia kwa saa ngapi bila ya kushuka? Muuzaji anayejua bidhaa yake atakujibu. Asiyejua atakusomea boksi.

Tuliwahi kusoma Suratul Mutaffifin madrasa tukiwa wadogo, juu ya wale wanaopunja katika vipimo, na siku zote tulimfikiria mtu wa mizani ya sukari. Hatukufikiria kwamba hata namba kwenye boksi la tochi ni kipimo, na kwamba kuna mtu anaweza kupunjwa lumeni akiwa katikati ya bahari usiku. Wenye maduka mnaotusoma, tunakuombeni mlifikirie hili. Na sisi wanunuzi nasi tuna sehemu yetu. Tulijua bei ile haifanani na maneno yale. Tukajifanya hatujui.

Kosa la pili: tulinunua jua

Mara ya pili tukaona dawa ya taa hafifu ni taa kali. Tukachanga, tukatoa shilingi 60,000, tukaleta taa yenye sanduku la betri linalokaa kisogoni. Mwanga wake ulikuwa wa kweli. Ukiwasha uani, kuku wanaamka.

Mama aliivaa siku ya kwanza akairudisha saa hiyo hiyo. Kwanza, nzito. Sanduku la nyuma lilivuta ushungi, ushungi ukateleza, taa ikateremka usoni. Pili, kila alipomgeukia mwenziwe kusema naye, mwenziwe alifumba macho na kubaki haoni kitu dakika nzima. Na la tatu lilitushangaza sote. Mama alisema, "Nikiiwasha naona weupe, sioni chini."

Tulidhani anatafuta sababu. Lakini mmoja wetu akashauri tumpeleke akapimwe macho, na huko tukaambiwa ana mtoto wa jicho anayeanza, macho yote mawili. Mtu mwenye mtoto wa jicho mwanga mkali haumsaidii kuona, unamtawanyikia ndani ya jicho ukawa kama ukungu. Kumbe tulikuwa tunampofusha kwa mapenzi. Miaka yote ile alikuwa akituambia taa za gari zinamuumiza, nasi tukisema uzee.

Ilibidi tukae chini, safari hii pamoja naye, tumuulize swali ambalo tungeanza nalo: Mama, unataka kuona nini?

Alivyotufundisha Mama

Akatupeleka nyuma, enzi za bibi yetu. Walikwenda pwani na chenge, makavu ya mnazi yaliyofungwa pamoja na kuwashwa. Waliokuwa na uwezo wakapata karabai. Chenge walikishika chini, usawa wa goti, mbele na pembeni kidogo. Kwa nini chini? Kwa sababu mwanga ukitoka pembeni, kila kitu kinatupa kivuli. Shimo la pweza linaonekana kwa kivuli chake. Mgongo wa taa mchangani unaonekana kwa kivuli chake. Mwanga unaotoka usawa wa macho unavifuta vivuli vyote, na mchanga unakuwa kama shuka iliyopigwa pasi.

Tukajaribu uani usiku ule ule. Tukaweka sahani mchangani, tukaifunika mchanga kidogo. Kwa taa ya kichwani, hatukuiona. Kwa taa hiyo hiyo mkononi, usawa wa goti, ukingo wa sahani ukajichora. Sote wanne tukanyamaza.

Kwa hiyo taa ya Mama ilitakiwa ifanye kazi mbili. Ikae kichwani mikono inapokuwa na kazi, kuchokoa pweza, kufunga kamba, kushika kikapu. Na itoke kichwani kwa urahisi ishikwe mkononi anapotembea. Hapo ndipo tukajua tunatafuta nini.

Tuliyoyatazama

Tuliandika orodha kwenye karatasi, Mama akaipitisha, tukatoka nayo.

Mwanga: lumeni 300 mpaka 400 kwa wa juu kabisa zinatosha, bora kuwe na ngazi. Wa chini kwa ndani ya nyumba, wa kati kwa kutembea, wa juu kwa kutafuta mtu au ngalawa. Tukataka pia mwanga wa kutandaa, si ule wa mshale peke yake. Mshale unakuonyesha mbali lakini pembeni unakuacha gizani.

Rangi: mwanga wenye umanjano kidogo, si ule wa buluu. Macho ya Mama yanaustahamili zaidi, na pweza anaonekana kwa rangi yake.

Taa nyekundu: tulidhani pambo. Kumbe jicho huchukua kama nusu saa kulizoea giza sawasawa, na mwanga mweupe unaharibu kazi hiyo kwa sekunde moja. Mwekundu hafifu hauiharibu sana. Wakikaa kungoja maji, huwasha nyekundu wakazungumza bila ya kupofuana.

Maji: tazama herufi IPX. IPX4 inastahamili manyunyu ya mvua tu. IPX7 imepimwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Anayekwenda baharini asishuke chini ya IPX7.

Betri: iwe ya kutolewa, ili aweze kubeba ya akiba, na ichajiwe kwa waya wa simu uliopo nyumbani. Taa ambayo betri ikifa nayo imekufa, hiyo ni ya kukodi tu, hata kama umeilipia.

Mkanda na kitufe: mkanda mpana wenye mpira ndani, usioteleza juu ya ushungi, na unaofulika. Kitufe kimoja kikubwa. Tulimfumba Mama macho, tukamlowesha mikono, tukamwambia awashe na kuzima. Taa tatu zilianguka mtihani huu mbele ya muuzaji.

Hatimaye tuliipata kwa muuzaji aliyekubali Mama aijaribu kabla hatujalipa. Shilingi 95,000. Lumeni 400, kichwa chake kimepinda, inachomoka kwenye mkanda ikawa tochi ya mkononi, na ina klipu ya kubana kwenye kanga. Tulipokuwa tunahesabu michango, Mama akatoa 30,000 zake za mwani akaziweka juu ya zetu. Tukakataa. Akasema, "Chombo cha kazi, fundi hununua mwenyewe. Nyie nisaidieni tu." Tukazichukua.

Zaidi ya bahari

Wengi wenu hamuendi pwani usiku, tunajua. Lakini nani kisiwani hapa asiyejua kiza? Unguja tulikaa miezi mitatu bila ya umeme, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, na waliopika, walionyonyesha na waliouguza katika kiza kile wengi wao ni wanawake. Taa ya kichwa inakupa mikono yako miwili. Kupika daku umeme umekatika, kumtazama mtoto koo, kwenda tarawehe njia ikiwa na mashimo, kuchota maji kisimani alfajiri.

Na iko kazi moja hatukuifikiria. Mama ni miongoni mwa wanawake wanaoosha maiti kijijini. Mwezi wa pili wa taa hii alifariki mzee mmoja wa kike mtaani kwetu, usiku, na umeme haupo. Zamani mmoja wao angesimama kushika kandili huku mkono ukimtetemeka. Safari hii Mama aliiweka taa mwanga wa chini kabisa, akaiinamisha, ikamulika pale tu panapooshwa, na sehemu nyingine ikabaki katika stara. Alipotoka alisema tu kwamba kazi imekwenda kwa utulivu. Sisi tulikuwa mlangoni, tukaangaliana. Tulikuwa tumenunua taa kwa ajili ya pweza.

Ndiyo maana tunasema taa nayo ina adabu yake. Unapozungumza na mtu, iinamishe au ipindue, usimpige mwenzio usoni. Ukipita mbele ya nyumba za watu, usimulike madirishani. Tumeamrishwa kuinamisha macho, na anayevaa taa kichwani huyainamisha macho na mwanga kwa pamoja.

Na mkiipata, itunzeni. Ikitoka baharini isuuzeni kwa maji baridi ya kisima, si ya chumvi. Ifuteni, ikaukeni kabisa kabla ya kufungua kifuniko cha chaji, kwa sababu chumvi ikiingia pale hula chuma kimya kimya. Mkanda fueni peke yake. Msiichaji usiku mkalala nayo kitandani.

Bamvua la kurudi

Mama aliporudi pwani kwa mara ya kwanza, mmoja wetu alifuatana naye. Mdogo wetu, ambaye hakuwahi kwenda usiku maishani mwake. Alitusimulia hivi.

Walikuwa wanarudi, maji yameanza kujaa, yako chini ya vifundo. Mama taa mkononi, usawa wa goti, anaburura miguu. Akasimama ghafla, akamzuia kwa mkono. Mdogo wetu akatazama, haoni kitu, mchanga tu. Mama akaisogeza taa pembeni kidogo. Hapo ukajitokeza ukingo mwembamba wa duara, na macho mawili yaliyotokeza juu ya mchanga. Mama akagonga maji kwa mti wake mara mbili. Taa akainuka, akatikisa mbawa zake, akaondoka zake polepole.

"Huyo na yeye yuko kazini," Mama akasema, wakaendelea na safari.

Mafunzo ya dini yetu yanatutaka tumfunge ngamia kwanza kisha tutawakali. Sisi ngamia hatuna, tuna mama anayekwenda baharini usiku, na kamba yetu ni taa ya shilingi 95,000 na wenzake wa kurudi nao pamoja. Yaliyobaki tumemwachia Mwenyezi Mungu, na usiku wa bamvua bado hatulali mpaka tusikie mlango.

Kama na wewe una mama, shangazi au bibi anayetoka kabla ya alfajiri au baada ya Isha, usimnunulie namba. Kaa naye, muulize anataka kuona nini, kisha umpe aishike mwenyewe. Na macho yake yapimwe.

Tukumbukeni katika dua zenu, na Mama yetu zaidi. Mwenyezi Mungu awahifadhi wote walioko baharini usiku wa leo, na awarudishe salama. Aamin.